Vikombe Alivyokunywa Mumewe

Kwenye kiwanda kidogo cha mikate alikofanya kazi walimwita Bonge, naye aliitika. Aliitika kwa kicheko, tena alicheka kabla ya wote, maana alishajifunza kwamba mtu akijicheka mwenyewe wenzake hawapati pa kushika. "Bonge, leta trei!" Analeta. "Bonge, pita kiubavu, mlango huo mwembamba!" Anacheka mpaka machozi yanamtoka. Hakuna aliyeuliza machozi hayo yalikuwa ya nini.

Yeye alikuwa mtu wa keki. Mikate ilikandwa na mashine, lakini keki zote zilipita mikononi mwake: kupima unga, kupiga siagi na mayai, kulainisha krimu juu ya keki za harusi za watu. Keki ikiiva huumuka juu kama kichuguu, na ili ikae sawa lazima kile kichwa kikatwe. Vichwa hivyo haviuzwi. Viliwekwa kwenye sinia kando ya meza yake, na ikifika saa nne asubuhi sinia limebaki jeupe. Hakuwa akila kwa njaa. Alikula kama mtu anavyotafuna kucha.

Alikuwa ameolewa na fundi bomba, mwanamume mpole, asiyemaliza maneno kumi kwa siku. Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Hedhi yake ilikuwa kama mgeni asiye na adabu: inapotea miezi mitatu bila salamu, inarudi bila hodi, inakaa wiki mbili. Na kidevuni zilimwota nywele, nyeusi na ngumu. Kila asubuhi, kabla mumewe hajaamka, alijifungia bafuni akazinyoa kwa wembe wa mumewe.

"Nyembe za siku hizi hazina makali," mumewe alilalamika siku moja akijishika shavu. "Wanatengeneza takataka."

"Takataka kabisa," akajibu mkewe, macho yake kwenye sufuria.

Mwaka wa tatu alikwenda kliniki peke yake, upande wa pili wa mji ambako hakuna aliyemjua. Nesi alimpandisha kwenye mzani ukumbini, akaisoma namba kwa sauti kama anayetangaza mshindi: "Tisini na sita!" Benchi zima likainua macho. Baadaye daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpima kwa picha akamwonyesha vidoa vyeusi vilivyojipanga pembezoni mwa mfuko wa mayai.

"Homoni zako zimekwenda mrama," daktari akasema. "Mayai yanaanza kukua, hayafiki mwisho. Vidoa hivi ndivyo vifuko vyake. Nywele, chunusi, hedhi kupotea, vyote vinatoka kwenye mzizi mmoja. Si laana, si uchafu. Ugonjwa huu hauishi kabisa, ila unatulizwa. Punguza sukari na unga mweupe, tembea, ushuke hata kilo saba tu. Sikuambii uwe kama sindano. Mara nyingi kilo saba zinatosha mwili ukaikumbuka kazi yake. Na mumeo aje, naye apimwe."

Katika maneno yote hayo, yeye alisikia tisini na sita. Alikunja karatasi ya majibu mara nne, akaisukuma chini kabisa ya mkoba, na nyumbani akasema alikuwa kwa shangazi.

Labda mambo yangeishia hapo, siri ya mtu na mkoba wake. Lakini wiki tatu baadaye mama mkwe alikuja na binti yake, na baada ya chai mama mkwe aliweka kikombe chini, akauliza bila kuzunguka: "Wanangu, tatizo liko wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alifungua mdomo aseme. Wifi yake alikuwa akimtazama, kuanzia miguuni kupanda juu, polepole, kama mtu anayekadiria mzigo. Likamtoka neno jingine, lenyewe, kama kwikwi.

"Mimi nilipimwa, mama. Mimi niko salama."

Macho yote yakamgeukia fundi bomba. Naye akayatazama mazulia.

Mama mkwe hakukaa bure. Mwezi uliofuata alileta fungu la mizizi aliyoichimba mwenyewe, na maelekezo: ichemshwe, ichujwe, mwanangu anywe nusu kikombe asubuhi na jioni. Mchemshaji akawa mke. Maji yale yalikuwa machungu kiasi cha kumfanya mumewe afumbe jicho moja na kukunja vidole vya miguu. Lakini alikunywa. Miezi minane alikunywa, na mkewe akasimama pembeni akisubiri kikombe, akijiambia kila siku kwamba kesho atasema. Kesho haikuwa na mwisho.

Wifi naye hakuumbiwa kunyamaza. Habari ilitoka kwake ikafika kwa mafundi wanaofanya kazi na kaka yake, na mafundi wakampa jina lililoenea mji mzima: Bomba Kavu.

Jina hilo mke alilisikia siku bomba la kiwandani lilipopasuka. Mwenye kiwanda alimwita fundi, na fundi aliyefika na mfuko wa vifaa begani alikuwa mumewe. Mpishi wa tanuri, mzee mcheshi asiyeweza kuona jambo akalipita, akapaza sauti: "Jamani, leo kali! Bomba Kavu kaja kutengeneza bomba!"

Kiwanda kizima kikavunjika mbavu. Na kicheko cha kwanza, kile kilichotangulia vyote, kilikuwa chake. Hakukusudia. Kilikuwa kicheko cha Bonge, kile cha kuwahi, kilichozoea kutoka kabla ya akili kufika. Alikibana mdomoni kwa mkono uliojaa unga, lakini mumewe alishainua uso na kumwona.

Alipiga magoti, akakata kipande kilichopasuka, akakaza kipya, akafungulia maji, akafunga. Walipomkaribisha chai alisema ana kazi sehemu nyingine. Alipopita mlangoni shingo yake ilikuwa imeingia mabegani kama ya mtu anayenyeshewa.

Siku hiyo sinia la vichwa vya keki lilibaki limejaa. Alirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote, na mapaja yake yalisuguana mpaka yakachubuka. Alimkuta mumewe sebuleni, jua bado lipo. Akatoa ile karatasi mkobani, akaikunjua, akaiweka mezani.

Mumewe aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hii tarehe ni ya mwezi wa pili."

"Ndiyo."

"Mama kaanza kuleta dawa mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

Akaisukuma karatasi kando. Alipozungumza tena alitumia maneno mengi kuliko aliyozoea. "Kwa ugonjwa sikasiriki. Hukuuita. Lakini dawa ulikuwa unanichemshia wewe. Unachuja kwa mkono wako, unaniletea, unasimama hapo mpaka nimalize. Hata siku moja mkono haukutetemeka?"

Angesema ulitetemeka. Lakini haukutetemeka, na alishachoka kusema uongo. "Hapana," akasema.

Mumewe alichukua mto akahamia kwenye kochi la sebuleni. Kuanzia hapo alimsalimu mkewe kama jirani: habari za asubuhi, habari za kazi. Matusi angeyavumilia. Ile adabu ilimmaliza.

Jumamosi alikwenda kwa mama mkwe. Alimkuta uani akichambua mchele, wifi yake akisuka nywele. Alizungumza akiwa amesimama, haraka, asije akarudi nyuma: ni yeye mwenye tatizo, alijua tangu mwanzo, mume wa watu hana kosa.

"Ehee!" wifi akasema. "Mimi nilijua! Mwili wote ule!"

Mama mkwe aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akasema, "Miezi minane nimeinama kuchimba mizizi. Na mgongo huu."

"Nisamehe, mama."

"Kaa chini. Mtu aliyesimama hagombezwi vizuri."

Akakaa, akagombezwa vizuri. Aliambiwa kwamba amemvua nguo mwanaume wa watu ili ajifunike yeye, na ndivyo ilivyokuwa. Mama mkwe alipotosheka aligeukia bintiye. "Na wewe. Kila uliyemwambia la kaka yako, kamwambie na hili. Mdomo uliopeleka ndio utakaorudisha." Halafu, akiwa bado amenuna, akamuuliza mkwewe: "Huyo daktari alisema ule nini?"

Jumatatu kiwandani alisema tena, mbele ya tanuri, bila kicheko. "Yule mnayemwita Bomba Kavu hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi, mkewe." Mpishi wa tanuri aliinamisha kichwa akaanza kufuta koleo lililokuwa safi. Siku zilizofuata ndiye aliyekuja kulihamisha lile sinia mbali na meza yake.

"Kwa hiyo wewe na sukari mmeachana?" akamnong'oneza.

"Bado tunasalimiana."

Na kweli walisalimiana. Chai bila sukari ilikuwa kama maji yaliyooshewa majani. Nyumbani nusu ya sahani ikawa mboga, maharage au yai upande mmoja, na wali wa kujaa ngumi, ngumi yake si ya fundi bomba. Jioni alitembea dakika arobaini kurudi nyumbani, mapaja kayapaka mafuta. Watoto wa mtaani walimhesabia hatua: moja, mbili, tetemeko! Mwezi wa kwanza alishuka kilo mbili. Mwezi wa pili, siku ya keki ya ghorofa tano, aliingia stoo, akasimama nyuma ya magunia ya unga, akala vichwa tisa bila kupumua. Mtu alipoingia alijifuta mdomo akasema anahesabu magunia. Uongo tena, na mzani ulipanda.

Alirudi kwa daktari kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Daktari hakushangaa. "Umekula, basi umekula. Kesho anza na kifungua kinywa, usianze na lawama." Akamwandikia na vidonge vya kusaidia mwili kuitumia sukari vizuri, akamwambia aje kila mwezi.

Mwezi wa tatu, akitoka kazini, alimkuta mumewe getini na mfuko wake wa vifaa.

"Nilikuwa napita," mumewe akasema, ingawa kazi zake siku hizo zilikuwa upande mwingine kabisa wa mji.

Walitembea hadi nyumbani. Kesho yake akapita tena. Siku ya nne au ya tano, wakiwa wanasubiri magari yapungue wavuke barabara, mumewe akasema akitazama mbele: "Kile kicheko kiliniuma kuliko vikombe."

"Najua."

"Bado kinaniuma."

"Najua."

Wakavuka. Mwisho wa mwezi mto wake ulirudi chumbani. Alisema kochi limemvunja mgongo.

Hedhi ilikuja mwezi wa tano, ikaja tena baada ya siku thelathini na mbili, kisha thelathini. Mara ya tatu alijifungia chooni pale kiwandani akalia, akaona haya kulilia jambo ambalo wenzake hulilalamikia. Mzani ulisema themanini na nane. Nywele za kidevuni hazikwenda popote; alinunua nyembe zake mwenyewe, akaziweka wazi kwenye kikombe cha miswaki. Wapo waliomwita Bonge bado. Alianza kuchelewa kuitika.

Mwezi wa saba walikwenda kliniki wawili. Majibu ya mumewe yalitoka mazuri, na alipoyasikia hakutabasamu. Aliyakunja akayatia mfukoni. Daktari alifungua faili jipya lenye majina yote mawili, akashika kalamu.

"Mmekuwa mkitafuta mtoto pamoja muda gani?"

"Miaka minne," mume akasema.

Mkewe alihisi damu ikimpanda usoni mpaka masikioni. "Kutafuta ni miaka minne," akasema. "Pamoja ni miezi saba."

Daktari aliwatazama juu ya miwani, akaandika. Mume alikohoa kidogo, akasogeza mguu wake chini ya kiti. Halafu daktari akaanza kuwaeleza hatua inayofuata, na wote wawili wakainama mbele kumsikiliza, maana ukumbini nesi alikuwa akisoma namba ya mzani ya mtu mwingine kwa sauti kubwa.