Kombe la Bakuli la Jiwe

Hasira hii nimeibeba tangu miaka ya sabini, na sina nia ya kuitua leo.

Wachimba msingi wa nyumba yetu huko Samad, Omani, walifukua bakuli la jiwe laini, na ndani, kuzunguka ukingo, lilikuwa na maandishi: vijiti vilivyosimama, viduara, mikwaruzo iliyopandana. Hayakuwa ya Kiarabu. Mwalimu wa msikitini aliligeuza huku na huku, akakiri kuwa hajui hata aanzie wapi kuyasoma.

"Ndiyo nguvu yake hiyo," akasema mama mkwe wangu. "Maandishi yanayosomwa na kila mtu yana siri gani?"

Sisi tuliotoka Unguja tulikuja na kombe letu: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, mgonjwa akanywa. Mama mkwe akaona hapa kazi ya kuandika imeshafanywa. Akatia maji ya mawaridi bakulini, akazisugua zile herufi kwa kidole mpaka maji yakageuka rangi, akamnywesha mwanangu aliyekuwa akiharisha.

Nilimpokonya mtoto, nikasimamisha gari njiani, nikampeleka hospitali Ibra. Wakamtia dripu, akapona. Niliporudi nikakuta mtaa mzima umeshaambiwa kuwa bakuli limemponya mjukuu wa bibi. Kila aliyekuja nilimwambia ni dripu, ni dripu. Wakanitazama kama mkwe mkorofi asiyejua kushukuru, na bakuli likaendelea kusuguliwa.

Jirani yetu alikuwa na binti mmoja tu. Binti alipougua, mama yake alimnywesha kombe lile, akangoja. Binti akazikwa alasiri. Mama mkwe akasema siku yake imefika, na mimi nikatamani kumvunjia bakuli kichwani, Mungu anisamehe. Naomba msamaha kwa sababu ya adabu tu.

Miaka ya themanini akaja mtu wa makumbusho kulichukua. Alilishika kwa mikono miwili, akasikitika kuona herufi zimelika. Jirani hakuweza kumkabili, akaniomba mimi nimuulize: mwanawe alinyweshwa maneno gani?

"Ni khatti, mwandiko wa kabla ya Uislamu," yule bwana akanijibu. "Kwa yaliyobakia, ni jina la mtu. Mwenye bakuli lake, bas."

"Si dua?"

"Si dua."

Nikampelekea jirani jibu lake. Alikaa akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga.

"Bibi usimwambie, mwanangu," akasema mwishowe. "Mtu mzima yule. Yatamuuma."

Nilitoka kwake nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua tende. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamwambia.