Taa Nyeupe Kwenye Ukungu wa Makambako

Taa za magari nilijifunza peke yangu, kwa kufungua zilizoungua na kuzifunga tena. Kwa hiyo kila kazi niliyoimaliza iliniachia hofu. Mtu akishaondoka na gari lake, mimi nilibaki nikiwaza skrubu moja tu, kama niliikaza au sikuikaza.

Mwishoni mwa miaka ya sabini shemeji yangu, mume wa dada, aliletewa balbu za halojeni kutoka Zambia. Mwanga wake ulikuwa mweupe wa ubaridi, tofauti na ule wa manjano tuliouzoea. Nikazifunga kwenye lori lake pale Mbalizi. Tukalielekeza kwenye ukuta wa ghala, kama walivyofanya mafundi wote wa pale, nikachora mistari ya chaki, nikazungusha skrubu mpaka miale yote miwili ikakaa juu ya mstari. Sikuwahi kuridhika vile. Kisha vikapakiwa viazi, tukaondoka kwenda Iringa.

Karibu na Makambako ukungu ulitufunika. Ilikuwa alasiri, lakini kukawa kama magharibi. Shemeji akawasha taa. Ukuta mweupe ukasimama mbele yetu, na barabara chini yake ikapotea.

"Taa za Ulaya hizi, fundi," akasema. "Zinatuonyesha mbinguni."

Nikacheka. Ndipo nilipoelewa. Pale ghalani lori lilikuwa tupu. Sasa viazi vilikuwa vimeukandamiza mgongo wake na kuinua pua, na taa zilitazama juu.

"Simama, shemeji. Nizishushe."

"Hapa? Tugongwe na anayetoka nyuma?"

"Nakuomba."

"Mwoga wewe! Dada yako alinionya." Lakini akasimama, injini ikinguruma.

Nikashuka na bisibisi. Nilipopita mbele ya taa, watu wawili warefu kuliko miti wakainuka ndani ya ukungu. Nilijua ni vivuli vyangu, kila taa ikitupa kimoja. Hata hivyo niliinua mkono nihakikishe. Wote wawili wakainua.

Chini yao, katikati, alikuwepo wa tatu, wa kimo cha kawaida. Huyo hakuinua.

"Kamwene," akasema.

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, akisalimia taratibu kwa lugha ya huko. Nyuma yake nikasikia nyayo nyingi, bila wimbo, bila kilio. Wakatokea wanaume wamebeba jeneza mabegani, na watu wameijaza barabara toka ukingo hadi ukingo. Mwanga wangu ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyao; tusingesimama, tusingewaona kwa wakati.

Shemeji akazima taa. Akazima na injini, akavua kofia.

Wakagawanyika, wakapita pande zote mbili za lori. Nilijibanza kwenye bampa, nikasikia viganja vyao vikipapasa mbao za bodi kutafuta njia. Hakuna aliyetulaumu, hakuna aliyeuliza neno. Nadhani wangetutukana ningepata nafuu.

Walipokwisha, shemeji akawasha tena.

"Haya, zishushe," akasema kwa sauti ndogo. Hakuniita fundi.

Nikazungusha skrubu mpaka mwanga ukaanguka kwenye lami. Nyayo za udongo mwekundu zilikuwa zimetapakaa pale, mbichi bado. Zilikuja moja kwa moja hadi kwenye bampa, na hapo ndipo zilipoachana.