Ringi ya Pistoni ya Tatu

Kaka yangu hakulia mkewe alipofariki. Msibani alizunguka akipanga viti, na watu walipoondoka akavirudisha kwa wenyewe, kimoja kimoja. Wiki ya tatu akaishusha injini ya pikapu uani na kutandaza vyuma juu ya magazeti. Nikamwambia amerukwa na akili. Akaniambia nimpe kitambaa.

Pikapu yenyewe ya dizeli, umri wake wa kustaafu. Ndiyo iliyomlisha miaka yote akisafirisha vitanda na makabati ya maseremala, na ndiyo iliyokata pumzi kwenye kilima cha hospitali siku wifi yangu alipozidiwa. Ilitoa moshi wa buluu ikasimama katikati ya mlima. Gari jingine lilipopatikana, wifi alikuwa ameshakata roho. Mama mkwe wake kaka alilisema mbele ya waombolezaji wote, wala hakupunguza sauti: "Mkokoteni wako ndio ulioniulia mwanangu."

"Ndiyo, mama," kaka akajibu. Basi. Nilimkasirikia hadi kichwa kikaniuma.

Sasa alikuwa amenunua vitu vya maana: pistoni ngumu zaidi, ringi mpya, beringi, hata kamshafti ya kuiongezea nguvu. "Unamtengenezea nani?" nikamuuliza. "Kile kilima," akasema, akaendelea kukwangua masizi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bili ya maji. Nilitamani apige kitu, atukane, angalau nijue yupo.

Nilikuwa namsaidia kuosha vyuma, maana mikono yangu haiogopi grisi, nikasikia ameacha kukwangua. Alikuwa ameshika pistoni ya tatu kati ya zile kuukuu. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, huwa na alama ndogo upande mmoja, na upande huo lazima utazame juu. Hapa ringi ya pili ilitazama chini. Badala ya kuifuta oili, ilikuwa ikiipandisha iungue, mwaka mzima, huku injini ikiishiwa nguvu kidogo kidogo.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani aliyeivalisha. Mwaka jana waliifungua injini hiyohiyo hapohapo uani, nami nilikuwa kando namenya vitunguu. Wifi akasema hakuolewa kuja kuchemsha chai tu, apewe naye pistoni moja. Akapewa ya tatu. Alipomaliza akaiinua. "Kagua, fundi." Kaka akacheka, akasema kazi ya mkewe haikaguliwi, akaisukuma ndani ya silinda.

Kaka akaichomoa ringi ile, akaitia mfuko wa shati.

Jumamosi asubuhi injini ikawaka, mlio mzito, moshi hakuna. Tukapakia makabati mawili tukapanda kilima kwa gia ya tatu bila gari kuhema. Kwenye geti la hospitali akageuza tukashuka. Nilimtazama usoni nikitafuta hata tabasamu. Hapakuwa na kitu.

Tulimkuta mama mkwe amesimama uani. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nasikia umeifungua. Ulikuta nini humo?"

Nilifungua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona ndugu yangu akibebeshwa lawama. Kaka akaniwahi.

"Ringi moja ilikaa kichwa chini, mama. Niliivalisha mimi."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Mama akatikisa kichwa polepole, akajifunga vizuri mtandio, akaondoka bila kuaga. Nikamgeukia kaka.

"Kwa nini umemdanganya? Si unajua ni mkono wa nani?"

"Wewe ulikuwa unamenya vitunguu," akasema. "Hukuona kitu."

"Niliona. Na nilimsikia."

Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye mfuko wa shati. Akaitoa ringi, akaigeuzageuza, alama juu, alama chini.

"Aliniambia nikague," akasema. Akakaa chini penye oili akalia kwa sauti, nami nikaenda kufunga geti.