Taa ya Kumrudisha Eilert

Gudveig hakumaliza shule. Alianza kwa kununua betri chakavu za boti za wavuvi huko kwao visiwani Lofoten, Norwe, akazifufua, akawauzia wenyewe kwa bei iliyowafanya wamtukane huku wakilipa. Ndiyo maana kwenye kituo cha utafiti, katikati ya barafu ya Ncha ya Kusini, yeye ndiye aliyekabidhiwa mgawo wa umeme. Jenereta ya dizeli ilikwisharudishwa pwani; iliyobaki ni mitambo ya upepo, betri, na paneli za jua ambazo giza la msimu wa baridi limezipa likizo. Aliyetaka kuoka mkate au kufua aliomba kwanza, na Gudveig hakutoa bure.

Adhuhuri hiyo dhoruba ilileta ukungu ulioganda kwenye mapanga ya mitambo. Yakasimama. Na Eilert, fundi wa magari, alikuwa nje na gari lake la theluji, haoni hata mkono wake. Cha kumrudisha ni redio na taa kubwa ya mlingoti tu, na betri zilikuwa chini ya robo.

"Zima maabara," Gudveig alimwambia Sunniva, mpima hewa.

"Mashine yangu ikipoa, vipimo vya msimu mzima vimekwenda na maji! Na wewe si jana tu uliniuzia huu umeme? Nimekuoshea vyombo zamu zako zote!"

"Nilikuuzia upepo wa leo. Upepo upo, mitambo imeganda."

"Basi hasara ni yako, mama muuzaji."

"Ni yangu. Nitakulipa mara mbili. Sasa zima, au shika redio umwambie Eilert mwenyewe kwamba unahitaji joto."

Sunniva alitoa tusi zito la kwao, akabonyeza swichi.

Redio ikakwaruza. "Jamani, naiona taa... hapana. Imefifia. Mmenizimia?"

Taa za ndani nazo zilikuwa zinafifia. Gudveig alijua papo hapo: pipa la umeme la kuyeyushia theluji. Mwenye zamu ya maji haliachi tupu, na likijaa hujiwasha lenyewe. Alitimua mbio hadi akamkuta Torfinn, mpishi, theluji hadi kwenye nyusi, koleo mkononi.

"Nimelijaza pomoni, bosi! Leo huna la kunilaumu..."

"Toka hapo!" Aling'oa waya ukutani, cheche zikaruka.

"Hee! Mtu anafanya kazi, anafokewa?"

Gudveig alikwisharudi kwenye redio. "Eilert, mdogo wangu, sema."

Kipimo cha betri kikashuka tena.

"Eilert wee!"

"Naiona. Iko kushoto kwangu. Usiiguse, dada, nakuomba."

"Basi njoo upesi, inakula betri."

Alisimama kidole juu ya swichi mpaka mlango wa nje ulipobamizwa na sauti ya Eilert ikasikika ikilalamikia vidole vyake. Akaizima taa kabla hata hajageuka kumtazama.

"Sunniva!" aliita katika nusu-giza. "Washa mashine yako, tuone kama kuna kilichopona."