Kuku wa Kufunga Maneno

Niliporudi kutoka kwa bibi Kapolowe nilikuta mdogo wangu ana cherehani. Mpya, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, na imewekwa juu ya meza yetu ya pekee, hata baba na mama wakawa wanakula sahani zikiwa magotini. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyejifunza kushona kwa masista na kujichoma vidole, wakati yeye hata kifungo hajui kukitia. Wivu ulinipanda hadi kooni, wala sikujisumbua kuuficha.

"Weye, nani alikupa?"

"Bwana," akajibu, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga.

Bwana huyo alikuwa na duka kubwa mjini, nguo mbele, unga nyuma, na kanisani alikaa kiti cha kwanza. Mdogo wangu alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwake, uani mwa duka. Sasa ameacha kazi, na hakuna aliyeniambia sababu. Mimi nilikuwa nimekwama kwa bibi muda mrefu. Ilikuwa miaka ile ya Katanga kujitenga na Kongo, na wanajeshi wetu walifunga barabara walivyotaka. Huku nyuma, nyumbani kwetu kumeliwa kuku.

Habari ya kuku niliipata kwa jirani. Kwetu, wazee wakimaliza kesi, pande mbili zilikula kuku mmoja, na aliyekula hakuitaja tena kesi ile nje. Akiitaja, kilichotolewa kinarudi kilikotoka na aibu inabaki kwa ukoo wake. Desturi hiyo haina ubaya watu wakigombania mpaka wa shamba. Nikamuuliza mama, kuku huyu aliliwa kwa kesi gani?

"Banakula kuku, mambo inaisha," akasema. "Siye hatusemake tena."

Basi nikajielezea mwenyewe. Mtu anapiga pasi miezi michache, anapewa cherehani. Kuna ujanja hapo, na ujanja aliouweza yule mtoto hautanishinda mimi. Niliposikia bwana anatafuta msichana mwingine, nilikwenda kuomba. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema nianze Jumatatu. Nilirudi nyumbani naimba.

Baba, ambaye akikohoa tu mtaa mzima unajua, siku hiyo alinyata akatoka nje. Mama alisema hapana. Kwa nini? Hapana tu. Nikawaambia wanampendelea mdogo, siku zote wamempendelea, na kwamba na mimi nitaleta cherehani yangu, tena ya kukanyaga kwa mguu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa macho mekundu. Nilidhani sasa ni zamu yake kunionea wivu, na nilifurahi kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi wanawake walikuwa wamepanga foleni mbele ya duka, maana unga ulikuwa umeanza kuwa haba. Niliwapita kwa maringo, gauni la Jumapili mwilini. Bwana alikuwa amesimama mlangoni, akaniambia nizungukie uani. Hapo nikasikia foleni inanong'ona nyuma yangu. Mdogo wangu alikuwa anakuja, cherehani kichwani, shingo wima. Aliitua kizingitini, miguuni pa bwana.

"Mashini yako ni hii. Kuku nilikula, lakini kinywa yangu iko yangu." Kisha akanigeukia. "Yaya, dada yangu, usiingie mule. Huyu mwanaume alinishika kwa nguvu. Baba anajua, mama anajua, bazee banajua. Weye tu ndiye hawakukuambia."

Bwana akacheka. Akasema makubaliano ni makubaliano, na kwamba msichana huyu ana wazimu.

Kweli yalikuwa makubaliano. Bwana alipata jina safi, wazee walipata sifa ya kutuliza ugomvi, baba alipata kuendelea kusalimiwa njiani. Mdogo wangu alipewa chombo asichojua kukitumia, akafungwa mdomo, na kwa mdomo ule uliofungwa mimi nilifunguliwa mlango. Kukubaliana gani huko? Nikifikiria hadi leo damu inachemka.

Na hata pale, wivu ulinishika upya. Mimi ndiye niliyejulikana mtaani kwa mdomo, na aliyesema ni yeye. Sijawahi kutamani kitu cha mtu kama nilivyotamani shingo yake asubuhi ile.

Halafu mwanamke mmoja akatoka mstarini, mke wa mwalimu, aliyewahi kufua nyumbani kwa bwana kabla ya mdogo wangu. Alikuwa na hereni za dhahabu ambazo tangu Pasaka zilininyima raha kanisani. Alizivua, moja, na ya pili, akaziweka juu ya cherehani.

"Na miye nilikula kuku yake," akasema.