Nilivyoigonga Bunduki ya Mwenzangu wa Rika

Mama yangu alinunua chungu kimoja tu maishani mwake bila kukigonga. Ilikuwa sokoni Usa River, enzi hizo hata hayo mashamba ya maua hayajafika, na muuzaji alikuwa wifi yake. Vyungu vya watu wengine alivigonga kwa kidole huku ameinamisha sikio. Kikilia vizuri anachukua, kikiguna anakirudisha. Cha wifi hakukigonga, maana kwetu kugonga kitu cha ndugu ni kumwita mwongo mbele za watu. Wiki haikuisha, chungu kikapasuka motoni na maharage yote yakaingia majivuni. Tukala ndizi za kuchoma. Mimi nilifurahi, nilizipenda, lakini chungu kile hakijanitoka kichwani. Shule nilifika darasa la tatu, na sikumbuki cha darasani kama ninavyokumbuka chungu.

Baadaye nilifanya kazi ya kubeba ndege waliopigwa na Kalasinga mmoja, fundi wa magari, aliyekuwa akiwinda kwale huku kwenye miteremko ya Meru. Alikuwa na shotigani ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Akaniambia, ukichagua ya namna hii usihangaike na maua yaliyochorwa kwenye chuma. Ifumue, utenge mitutu na kitako, mitutu ining'inize kwenye kidole, uigonge kwa ukucha. Ikilia mlio mrefu, lehemu iliyoishika pamoja ni nzima. Ikiguna, imeachia mahali, usiiweke karibu na uso wako. Nikamuuliza kama alimfahamu mama yangu. Akacheka tu.

Sasa uso wangu. Jicho la kushoto lina ukungu miaka mingi. La kulia ndilo nililobaki nalo, na ndilo linalolala juu ya bunduki. Kwa hiyo mwaka jana, nilipopata kibali cha polisi na mwenzangu wa rika akaniita kwake Sekei nikaone shotigani ya marehemu kaka yake, nilikwenda na furaha, na mashaka pia.

Huyu tulitahiriwa msimu mmoja, tukapona kibanda kimoja.

“Kipofu umefika!” akaniita kutoka barazani.

“Nimefuata harufu yako.”

Shemeji, mke wake, akaleta chai. Bunduki ikatolewa uvunguni mwa kitanda, imefungwa kwenye shuka. Nikafumba macho, nikaipandisha begani, nikafumbua: jicho limetua katikati ya mitutu, kama bunduki imenipima mwenyewe. Kitako cha mti mweusi, chepesi. Niliitaka pale pale, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Kitu kizuri hivi kimekaa uvunguni kwa nini? Kitako kimepakwa mafuta jana, kuficha nini? Halafu nikaona kitambaa kimesokomezwa kwenye midomo ya mitutu. Mtutu wenye kitambaa haulii.

“Hiki cha nini?”

“Nyigu. Wanajenga udongo humo ndani.”

“Kitoe basi.”

Akakitoa taratibu, akinitazama. Nikaifumua, nikaining'iniza mitutu kwenye kidole.

“Unafanya nini wewe?”

“Nasikiliza.”

“Nimeshakwambia ni nzima.”

“Umeniambia.”

“Kibandani nilikupa maji yangu ukanywa. Uliyagonga kwanza?”

Shemeji akasema, “Mwache, baba, mzee ana jicho moja.”

Ningeweza kuiweka chini. Nilijua kabisa ninachofanya, nisiseme leo kwamba sikujua. Nikagonga kwa ukucha.

Ikalia. Ikalia mlio mrefu, safi, mpaka kuku wakainua vichwa uani. Hata ya yule Kalasinga haikulia hivyo.

“Naichukua!” nikasema. “Hii ni nzima kabisa!”

Akaipokea mitutu mkononi mwangu. Akarudisha kitambaa mahali pake, upande huu, kisha upande ule. Akaiunganisha na kitako, akaikunja ndani ya shuka, kona moja moja.

“Wewe hukuja kununua kwangu,” akasema. “Ulikuja kunikagua.”

“Mwenzangu, ni jicho tu.”

Akainuka na bunduki kwapani, akapita nyuma ya nyumba, akakata kati ya migomba. Nilidhani amekwenda kupoza hasira. Shemeji akanimiminia kikombe cha pili. Nikamngoja mwenzangu mpaka chai ikafanya utando juu, nikawa natazama migomba ile kwa jicho langu zima. Hakurudi.