Kuku Ndani ya Sanduku la Mwalimu

Kijiji cha akina Bi Mwamini, huko ndani Kisarawe, hakikuwa na bahati na walimu wa hesabu na sayansi. Wa kwanza aliondoka kabla mihogo aliyoipanda haijakomaa. Wa pili alishuka kwenye basi, akatazama huku na huku, akapanda basi lilelile kurudi. Wa tatu alikuwa Wilfred, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, na huyu Bi Mwamini aliapa kwamba haondoki. Mwanawe, Mwanahalima, alikuwa ameanza kupiga hesabu za sehemu huku anakuna nazi, na mama mtu alijaa furaha isiyo kifani.

Kumbe Wilfred naye alishaomba uhamisho. Upweke ulimchosha na mchuzi wa nazi ulimkinaisha. Mwaka 1975 akakubaliwa kwenda Dar es Salaam. Siku ya safari aliingia kuoga, akatoka, sanduku lake la bati halipo barazani.

Hakuhitaji kuuliza. Wazaramo wa hapo na Wanyamwezi ni watani, na mtani akichukua chako, ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake.

"Shikamoo, Bi Mwamini. Naomba sanduku langu."

"Marahaba. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu, wakanywa maji yetu, wakaenda zao bila hata ahsante. Nimeshika rehani."

"Haya, nilikomboe kwa nini?"

"Kwa leo halikomboleki. Njoo ujionee."

Nguo zake zilikuwa kikapuni, zimekunjwa vizuri. Ndani ya sanduku, juu ya majani makavu, kuku alikuwa ameatamia mayai na kumtolea macho makali.

"Ukimgusa, yote yanaharibika," alisema Bi Mwamini. "Ngoja aangue."

Wilfred alicheka mpaka akaketi chini. Akapeleka taarifa kwamba atachelewa, akarudi darasani. Kesho yake akafanya jambo ambalo hata Bi Mwamini hakulitegemea: alilileta darasa zima nyumbani kwa mama huyo. Alifunga madirisha, akamulika yai kwa tochi, na watoto walipoona mishipa myekundu ndani yake walipiga kelele kama wameona mwezi wa Idi. Tangu hapo hawakumpa nafasi ya kupumua. Walipima, walichora, walibishana mpaka njiani.

Vifaranga walipotoka na yai moja likabaki viza, Bi Mwamini alilisugua sanduku kwa mchanga likang'aa, akampelekea. Moyo ulimuuma, lakini utani una mpaka wake.

"Nenda salama, mwanangu. Umetufaa sana."

Wilfred akalitazama sanduku, akawatazama watoto waliokuwa wakimsubiri mlangoni.

"Lile yai lililokuwa viza, bado sijawaeleza kwa nini," alisema. "Kaa na sanduku kwanza."

Alikaa nalo kweli. Wilfred akaoa palepale, na mchuzi wa nazi akawa anaongeza mwenyewe. Mwanahalima alipokwenda chuo cha ualimu, ndilo sanduku alilobeba.

Mwaka 1983 alirudi nalo, mwalimu wa hesabu, kapangiwa shule ileile kwa kuomba mwenyewe. Bi Mwamini alifika kituoni mbio, akamkuta Wilfred amemtangulia, keshalitwaa sanduku na kulitia kwapani.

"Mwalimu, nguo zangu!" Mwanahalima alipiga kelele.

"Utazikuta kikapuni," alisema Wilfred, huyo anaondoka. "Nina kuku anataka kuatamia."

Bi Mwamini alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika mwanawe mkono, wakamfuata.